Ufupi si Upungufu: Kanuni za Tungo Fupi Zinavyojaribiwa Kaloleni, Kisumu

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu kanuni za ushairi wa Kiswahili umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba tungo zote zina urefu mmoja. Wanamapokeo wametetea vina na mizani, wanamabadiliko wamezipinga, na pande zote mbili zimechukua mifano yao zaidi kutoka katika mashairi ya beti nyingi. Swali ambalo halijapewa nafasi ya kutosha ni hili: utungo ukiwa mfupi sana, wa mshororo mmoja, miwili au mitatu, je, kanuni zake ni zilezile za utungo mrefu zilizopunguzwa, au ni kanuni za aina nyingine?

Makala haya yanadai kwamba ni za aina nyingine. Utungo mfupi hautawaliwi kwanza na idadi ya mishororo wala mizani. Hutawaliwa na mambo matatu: nani anamsemea nani, picha gani moja inabeba maana, na neno gani linaufunga utungo. Hesabu ni chombo cha kuyatimiza mambo hayo. Pale inapofanywa kuwa ndiyo kanuni yenyewe, kinachobaki ni umbo lisilo na kazi.

Hoja hii itajaribiwa katika mtaa wa Kaloleni, Kisumu, kwenye ufuko wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Mtaa huu umechaguliwa kwa sababu ndani yake Kiswahili na Dholuo hukaa pamoja, na kila lugha ina tungo fupi zake. Jina lenyewe linastahili kuangaliwa. Lipo Kilifi, lipo pia Nairobi, na limejengwa kwa kitenzi lola, chenye maana ya kutazama katika lugha na lahaja za pwani. Ka- ya mwendo, kitenzi, na -ni ya wingi: nendeni mkatazame. Ni neno moja tu, lakini lina msemaji, lina wasemewa, lina tendo, na linaficha kitu kinachopaswa kutazamwa. Jirani yake, Shauri Moyo, nao umepewa jina la namna hiyohiyo. Mtu anayeishi katika kata ya Shaurimoyo Kaloleni anaishi kati ya semi mbili fupi za Kiswahili katika mji ambao wenyeji wake wengi ni Waluo.

2.0 Hesabu na Mipaka Yake

Kitabu kilichoweka kanuni za ushairi mikononi mwa wanafunzi ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha K. Amri Abedi (1954). Tangu hapo uainishaji wa tungo kwa idadi ya mishororo umekuwa jambo la kawaida darasani: tathmina ni mshororo mmoja katika ubeti, tathnia miwili, tathlitha mitatu, tarbia minne, takhmisa mitano, tasdisa sita. Kila mshororo hugawanywa katika ukwapi na utao, na mara nyingi kila kipande hupewa mizani nane. Katika shule za sekondari za Kenya, mtahiniwa wa ushairi huombwa ataje bahari ya shairi na aeleze umbo lake, na sehemu ya alama zake hutokana na uhodari wa kuhesabu.

Hesabu hiyo si kazi ya kudharauliwa. Inamlazimisha mwanafunzi kuisikia lugha badala ya kuiona tu. Neno mlango lina mizani tatu, kwa kuwa m yake ni silabi kamili. Neno nyumba lina mbili, kwa kuwa m yake imeambatana na b. Taa ni mizani mbili, na nchi pia ni mbili. Asiyeyajua haya ameshindwa kusikia jambo la kweli kuhusu Kiswahili, na kosa lake haliwezi kutetewa kwa kisingizio cha uhuru wa msanii.

Hata hivyo, uainishaji huu unaeleza umbo bila kueleza kazi. Unamwambia mwanafunzi kwamba tathlitha ina mishororo mitatu. Haumwambii kwa nini mtu atunge mishororo mitatu badala ya minne, wala mshororo wa tatu unafanya nini ambacho wa pili haukukifanya. Katika shairi la beti ishirini pengo hilo halionekani sana, kwani mtunzi ana nafasi ya kujirekebisha. Katika utungo wa mishororo mitatu halifichiki.

Mara nyingi mgogoro wa vina na mizani umeelezwa kuwa ni wa pwani dhidi ya bara. Maelezo hayo hayatoshi. Amri Abedi mwenyewe alizaliwa Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Euphrase Kezilahabi, ambaye Kichomi (1974) kilitikisa kanuni hizo, alizaliwa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika Ziwa Viktoria. K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi waliiita diwani yao Malenga wa Bara (1976), kisha wakaandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979). Aliyeziandika sheria na aliyezivunja wote walitoka kandokando ya maziwa makuu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kisumu hana sababu ya kujiona mgeni katika mjadala huu, wala hana sababu ya kudhani kwamba ukoo wake unamlazimisha kuchagua upande.

3.0 Kanuni Iliyopotea: Mfano wa Takhmisa

Historia ya takhmisa inaonyesha jinsi kanuni ya kazi inavyoweza kugeuzwa kuwa kanuni ya hesabu. Leo takhmisa hufafanuliwa kuwa shairi lenye mishororo mitano katika kila ubeti. Katika mapokeo ya Kiarabu, ambako istilahi hii imetoka, kutia takhmisa kulikuwa ni kuchukua mishororo miwili ya mtunzi mwingine na kuitangulizia mitatu ya kwako, ili yake iwe kilele cha yako. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ni kazi ya namna hiyo: mtunzi wa baadaye anazungumza na utungo uliomtangulia.

Kanuni ya msingi ya takhmisa, basi, ilikuwa ni uhusiano kati ya watunzi wawili. Tano ilikuwa tokeo lake. Mitatu jumlisha miwili ni mitano, na haikuwezekana iwe vinginevyo. Uhusiano ulipoachwa, tano ilibaki peke yake, na mwanafunzi akatakiwa kuihesabu bila kujua ilikotoka. Mtu anaweza kutunga takhmisa za mtindo wa siku hizi maisha yake yote bila hata mara moja kuyajibu maneno ya mtu mwingine.

Tarbia nayo ina historia inayoelekea huko. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliutumia ubeti wa mishororo minne kwa mambo ya siasa, mapenzi, njaa na ugomvi wa miji. Tungo zake nyingi ni za ubeti mmoja au beti chache tu. Ufupi huo ulitokana na matumizi yake: ubeti ulipelekwa kwa mtu, ukasubiriwa jibu. Utungo uliotarajia kujibiwa haukuhitaji kusema kila kitu. Ulihitaji kituo ambacho mjibuji asingeweza kukipuuza.

4.0 Pakruok: Kanuni Bila Mizani

Dholuo kina utungo mfupi unaoitwa pakruok. Jina linatokana na pako, kusifu, na umbo lake lina maana ya kujisifu au kusifiana. Mahali pake pa asili ni penye nyatiti, zeze la nyuzi nane ambalo mpigaji wake huketi kwenye kigoda, akagonga ubao wa ala kwa pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu. Kutoka huko pakruok imeingia katika ohangla na benga, na husikika katika kumbi za burudani za Kisumu kama inavyosikika katika matanga ya vijijini.

Pakruok haina idadi ya mizani iliyowekwa, wala vina vya lazima. Mtu aliyelelewa na uainishaji wa darasani angeiita maneno ya kawaida. Lakini ukiifuata kwa makini, kanuni zake ni kali kuliko za tathlitha. Kwanza, nafasi hununuliwa: anayetaka kusema humtunza mpigaji, na muziki hukatwa au hushushwa kwa ajili yake. Pili, msemaji hujitambulisha kwa uhusiano: mtoto wa nani, rafiki wa nani, mtu wa mahali gani. Tatu, huleta picha moja ya kumkuza yeye au amsifuye, na picha hiyo sharti izidi ukweli bila kuukana. Nne, humaliza upesi, kwa sababu watu wanasubiri ngoma na kuna mwingine aliyekwisha kutoa fedha. Tano, hukubali hukumu papo hapo: mpigaji huweza kuyadaka maneno yake na kuyaimba, au kuyaacha yaanguke; wasikilizaji hucheka kwa kumpongeza au kwa kumkejeli.

Kila moja ya kanuni hizi inatekelezwa na watu waliopo. Hakuna anayehitaji kuhesabu silabi ili kujua kwamba pakruok fulani imerefuka mno, kwani vidole vya mpigaji vitakuwa vimerudi kwenye nyuzi. Ufupi hapa ni bei na ni zamu. Mtunzi anajua kilichomgharimu kusema, na kwa hiyo hapotezi neno.

Upande wa Kiswahili, majina ya kanga yana nidhamu ya namna hiyo. Maneno yaliyochapwa kwenye ukingo wa kanga huwa ni usemi mmoja, na kanuni yake kubwa ni kwamba msemewa hatajwi. Mvaaji hunyamaza, nguo ndiyo inayosema, na jirani anayejihisi kusemwa hawezi kulalamika bila kujifichua. Kanga na pakruok zinapingana katika jambo moja muhimu. Pakruok hutaja jina waziwazi, kanga hulificha. Lakini zote mbili zimejengwa juu ya swali lilelile la nani anamsemea nani, na katika kila moja kosa la kulijibu vibaya ni kubwa kuliko kosa la mizani.

5.0 Jaribio: Pakruok Katika Mizani

Ili hoja isibaki katika nadharia, inafaa kuchukua mfano uliobuniwa kwa ajili ya makala haya, katika Kiswahili, kwa kufuata kanuni za pakruok:

Mimi mwana wa Kaloleni, mlango usiojua kufuli.

Utambulisho upo, picha ipo, na picha ni moja. Mlango usiojua kufuli ni mlango wa mtu mkarimu: mgeni hagongi mara mbili. Sasa mwanafunzi aambiwe autie usemi huu katika mizani nane kwa nane. Ukwapi unapatikana kwa kudondosha kihusishi: Mimi mwana Kaloleni. Utao unaleta tabu, kwa sababu mlango usiojua kufuli una mizani kumi na moja. Jibu la haraka ni hili:

Mimi mwana Kaloleni, nyumba isiyo kufuli.

Hesabu imetimia, nane kwa nane. Lakini maana imeharibika. Mlango usio na kufuli humkaribisha mgeni. Nyumba isiyo na kufuli humkaribisha mwizi. Msemaji aliyetaka kusifiwa kwa ukarimu amejitangaza kuwa mzembe, na ukumbini angechekwa. Hapo mpinzani wa mizani angesema kwamba hesabu imemuua mtunzi. Angekuwa na haraka. Mtunzi hajamaliza kutafuta:

Mimi mwana Kaloleni, mlango si wa kufuli.

Mizani ni nane kwa nane tena, na mlango umerudi. Zaidi ya hayo, kauli imekuwa kali kuliko ile ya mwanzo. Mlango usiojua kufuli ulikuwa na bahati ya kutofungwa. Mlango usio wa kufuli haukuumbwa kwa kufungwa. Hesabu ndiyo iliyomsukuma mtunzi afike hapo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mizani ni adui wa pakruok, wala haiwezi kusemwa kwamba mizani inatosha, kwani mshororo wa pili na wa tatu ni sawa kabisa kwa hesabu na mmoja wao umeshindwa. Kilichotofautisha kati yao ni picha na msemewa. Mtahini anayehesabu tu angewapa watunzi wote wawili alama zilezile.

6.0 Haiku na Hatari ya Kuazima Hesabu

Tatizo hilohilo hujitokeza pale umbo fupi linapoazimwa kutoka mbali. Haiku ya Kijapani, iliyofikishwa kileleni na Bashō (1644–1694), hujulikana kwa mafungu matatu ya sauti tano, saba na tano. Kiswahili kinaonekana kuwa na bahati hapa. Kama Kijapani, silabi zake nyingi huishia kwa irabu, irabu mbili huhesabiwa mbili, na nazali inaweza kusimama peke yake. Kuhesabu kumi na saba si kazi ngumu:

Wavuvi wetu
wanapenda omena
sana kabisa.

Tano, saba, tano. Hakuna kosa la hesabu, na hakuna haiku. Kanuni mbili nyingine za Kijapani zimeachwa nyuma: neno linaloonyesha majira, na mkato unaogawa utungo katika sehemu mbili ili msomaji aziunganishe mwenyewe. Maneno sana kabisa yameingia kwa sababu moja tu, kuzijaza mizani tano zilizobaki. Ulinganisho na mfano mwingine uliobuniwa utasaidia:

Taa ziwani;
omena hufuata
mwezi wa bati.

Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa taa zinazowavuta dagaa hao juu ya maji. Taa ziwani, basi, ni neno la majira kwa mtu wa Dunga au Kaloleni: linamwambia ni siku gani za mwezi. Hakuna haja ya kuazima theluji wala maua ya mcheri. Mkato upo baada ya mshororo wa kwanza, na msomaji anaachiwa kugundua kwamba mwezi wa bati ni taa ileile, na kwamba kinachofuatwa kama nuru ni mtego. Kiswahili huunganisha viambishi vingi katika neno moja, kwa hiyo mizani kumi na saba hutoa maneno machache sana. Hapa ni saba tu. Neno la kujaza haliwezi kujificha katika idadi hiyo.

7.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni la mwalimu: msemewa, picha na neno la kufunga havipimiki, ilhali mizani hupimika, na mtihani unahitaji kinachopimika. Pingamizi hili lina uzito. Lakini jaribio la sehemu ya tano linaonyesha kwamba mambo hayo yanaweza kuulizwa kwa namna inayojibika. Mwanafunzi anaweza kupewa mishororo miwili iliyo sawa kwa mizani na kutakiwa aeleze ni upi ulioshindwa na kwa nini. Jibu lake litakuwa na sababu, na sababu hupimika.

La pili ni la mlinzi wa mapokeo: pakruok ni ya Waluo, na kuiingiza katika kanuni za ushairi wa Kiswahili ni kuchanganya mambo. Historia haimuungi mkono. Istilahi za tathnia na takhmisa zenyewe ni za Kiarabu. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alieneza ngonjera, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilipokelewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 bila ushairi wa Kiswahili kubomoka. Kisumu penyewe pana mfano wa karibu. Okot p'Bitek, aliyekuwa ameichapisha Song of Lawino mwaka 1966 akiwa amejengea juu ya nyimbo za Kiacholi, lugha iliyo na undugu na Dholuo, alifanya kazi mjini humo na kuandaa tamasha la sanaa mwaka 1968. Mwaka huohuo Owuor Anyumba, aliyeitafiti nyatiti, aliungana na Ngugi wa Thiong'o na Taban lo Liyong kudai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Dai hilo lilielekezwa kwa Idara ya Kiingereza. Hakuna sababu ya Kiswahili kujiona kimesamehewa.

8.0 Hitimisho

Kutokana na mifano iliyochunguzwa, kanuni za tungo fupi zinaweza kupangwa hivi. Utungo mfupi uwe na msemewa, atajwe kama katika pakruok au afichwe kama katika kanga. Uwe na picha moja, nayo isibadilishwe kwa ajili ya kupata mizani. Uwe na mahali pa kukatika, ambapo msikilizaji anaachiwa kazi. Neno lake la mwisho liwe lile ambalo likiondolewa utungo unaanguka. Na hesabu, ikiwa imechaguliwa, ifuatwe kikamilifu, kwa sababu mtunzi anayeikimbia mapema huishia kwenye nyumba isiyo kufuli na haufikii mlango.

Hesabu imewekwa mwisho katika mpango huu kwa makusudi. Mwanafunzi wa Kaloleni anayefundishwa hesabu kwanza huambiwa, bila maneno hayo kutamkwa, kwamba anaanza ushairi mikono mitupu. Ukweli ni kwamba amekwisha kusikia matangani na ukumbini utungo unaotozwa fedha, unaopimwa na umati na unaokataa neno la ziada. Anachohitaji kujifunza ni jinsi ya kuhamisha ukali huo katika Kiswahili na, akipenda, katika nane kwa nane. Mwalimu anayelijua hilo ataanza somo la tathnia kwa kumuuliza mwanafunzi anamsemea nani, na mizani zitafuata katika kipindi cha pili.